Msusi wa Warri aliyepotewa na maneno, na siku yalipomrudia

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Mama Ebiere amekaa chini ya mikono ya Edirin Umukoro, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Hajaja kusukwa tu. Amekuja na herufi.

"G," anasema bila kugeuza shingo. "N. I. T. A. E. R."

Vidole vya Edirin haviachi kazi. Vinachota nywele, vinazigawa mafungu matatu, vinashuka taratibu kutoka kwenye paji la uso kuelekea kisogoni. Wanawake wawili wanaosubiri zamu kwenye benchi wanaacha kutafuna maandazi yao. Katika saluni hii ya uchochoroni, nyuma ya barabara ya Enerhen mjini Warri, Nigeria, sheria ni moja tu: anayesukwa hutaja herufi saba, na msusi lazima atoe neno la Kiingereza linalozitumia zote kabla mstari alioushika haujafika shingoni. Akishindwa, ananunua soda. Akipata, soda inanunuliwa na mteja.

Mstari haujafika hata sikioni.

"Granite," anasema Edirin. "Na ingrate. Na tangier, na tearing. Lipo na la tano, ila hilo nakuwekea uondoke nalo njiani."

Mama Ebiere anauliza hilo la pili maana yake nini.

"Mtu asiye na shukrani. Kama wewe, unasukwa ukapendeza na bado unaomba nishindwe."

Benchi zima linacheka. Mama Ebiere, muuza samaki wakavu katika soko la Igbudu na mwanamke ambaye hajawahi kupenda kushindwa, anaguna. Anasema ana herufi nyingine, nzuri kuliko hizo, lakini anaziweka akiba mpaka mwisho wa kichwa. Hizo, anasema, ndizo zitakazomfunga mtu mdomo.

Mgeni akiingia hapa leo atadhani ni mzaha wa wanawake wa kupitisha muda. Mzaha upo. Lakini miezi michache iliyopita Edirin hakuweza kutoa hata neno moja kati ya hayo matano, na kwa sababu hiyo alikuwa karibu kupoteza kitu alichokijenga kwa miaka kumi na minne: kiti chake katika timu ya skrabo ya jimbo.

Warri hawachezi skrabo kwa kusubiri mvua ikatike. Wanaicheza kwa jasho. Kuna klabu, kuna makocha, kuna refa na jezi, na katika tamasha la michezo la taifa medali zake hutolewa siku moja na za ndondi. Vigae mia moja vya herufi viko mfukoni. Kila mchezaji anavuta saba, anaunda neno ubaoni, anahesabu alama, anavuta vingine. Anayejua maneno mengi zaidi, na kuyaona upesi zaidi, ndiye bingwa.

Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, lakini si cha kuongea na mtu. Edirin anayajua maelfu ambayo hajawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa binadamu. Hajui yana maana gani na wala hayamkoseshi usingizi.

"Maana ni kazi ya walimu," anasema. "Mimi nataka kujua kama lipo au halipo. Basi."

Alianza kwa hasira. Alikuwa mwanagenzi katika saluni ya mama mmoja, mkabala na baraza ambako wanaume wa klabu walikuwa wakicheza kila jioni, wakigombana kwa sauti kama watu wanaogawana shamba la marehemu. Siku moja mteja alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akishtushwa usingizini na kelele zao. Edirin akavuka barabara, mikono imejaa mafuta ya nywele, akawaambia wapunguze sauti. Mmoja akamjibu kwamba kama ana mdomo mkubwa hivyo, akae acheze.

Akakaa. Akapigwa vibaya sana, kwa tofauti ya alama zaidi ya mia mbili. Wanaume wakamcheka mpaka mtoto akaamka tena.

"Kilichoniuma si kushindwa," anakumbuka. "Ni kwamba yule aliyenishinda aliweka neno la herufi nne ambalo niliapa kwa Mungu halipo. Tukaangalia kitabu. Lipo. Nikasema, kumbe kuna Kiingereza kingine wamenificha."

Wiki iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Lakini msusi hana muda wa kukaa na kitabu, mikono yake ni ya watu kuanzia asubuhi. Ndipo akabuni njia yake mwenyewe. Kila alipoanza mstari wa nywele alichukua kundi moja la herufi, akayataja kimoyomoyo maneno yote yanayotokana nalo, akishuka nayo mpaka shingoni. Mstari mmoja, kundi moja. Akifika mwisho na kuna neno amelisahau, anarudia kundi hilohilo kwenye mstari unaofuata.

Kwa hiyo maneno yake hayakukaa kichwani mwake tu, yalikaa kwenye vichwa vya watu. Ukimuuliza neno fulani alijifunza lini, anakuambia kichwa cha nani. Maneno yenye Q yako kwa Mama Ebiere, kwa sababu nywele zake ni ngumu na zinataka subira. Yale yenye irabu nyingi, laini na ya kuteleza, aliyajifunzia kwa mama mkwe wake, ambaye nywele zake ni nyeupe na nyepesi kama pamba.

Baada ya miaka mitatu wale wanaume wa barazani waliacha kumcheka. Baada ya miaka mitano aliingia timu ya jimbo. Kusuka kichwa cha kawaida kwake ni naira elfu tano, na wiki ikiwa nzuri hupata vichwa kumi. Posho ya timu si nyingi, lakini ndiyo iliyokuwa ikimlipia karo Zino, binti yake mkubwa, na mtaani kila mtu alijua kwamba yule Mama Zino msusi huvaa jezi ya jimbo. Hilo la jezi, anakiri, lilikuwa tamu kuliko posho.

Halafu ikaja mimba ya pili.

Msimu wa mvua wa mwaka jana, wiki chache kabla ya kujifungua, presha ilipanda. Akapata degedege, kifafa cha mimba, akiwa palepale saluni. Mumewe Ogaga, mchomeleaji wa vyuma, alimbeba na glavu za kazi zikiwa bado mikononi. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mzima, mwenye sauti kubwa. Wakamwita Maro. Mama yake alikaa siku nne bila kufungua macho.

Alipoyafungua alimtambua kila mtu. Akauliza mtoto yuko wapi. Akauliza kama kuna mchuzi wa mawese. Ogaga anasema alitoka nje ya wodi, akainama, akashika magoti, akashukuru mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotelewa na kitu.

Nyumba nzima ilishusha pumzi. Edirin pia alishusha yake, mpaka wiki ya tatu alipokuwa nyumbani na kuomba aletewe mfuko wa vigae. Akavuta saba, akavipanga mbele yake juu ya shuka.

"Niliziona herufi," anasema. "A ni A. T ni T. Lakini zilikaa tu, kila moja peke yake, kama watu waliogombana ndani ya nyumba moja. Nikangoja zisogeleane. Hazikusogeleana."

Akavirudisha, akavuta vingine. Hali ileile. Alirudia mpaka mtoto akalia, na yeye akalia naye.

Mchezaji yeyote hukosa neno, hilo halimtishi mtu. Kilichomtesa Edirin ni kingine. Zamani alikuwa akitazama herufi saba na kujua, bila shaka hata kidogo, kwamba ndani yake hamna neno, akazirudisha mfukoni na kubadilisha. Sasa ule ujuzi wa kujua kwamba hamna ulikuwa umetoweka pamoja na mengine.

"Sikuweza kujua kama herufi ndizo tupu au ni mimi," anasema. Anaacha kusuka kidogo anapolisema hilo, jambo ambalo ni nadra kwake. "Hiyo ilinitisha kuliko presha."

Kwanza alificha. Lakini kwenye saluni yenye sheria kama ile siri haikai. Mteja wa kwanza akataja herufi zake, mstari ukafika shingoni, Edirin akanunua soda. Wa pili, soda. Wa tatu, soda. Jioni Igbudu nzima ilikuwa inajua.

Kocha wa timu, Toritseju, ambaye wachezaji wote humwita Kocha Toju, alikuja kumwona akiwa na ndizi na maneno ya wazi. Majaribio ya kuchagua timu yalikuwa yamepangwa mwanzoni mwa mwaka. Alimwambia hatampa mtu mwingine kiti chake kabla ya siku hiyo, na siku hiyo hatampendelea. Akishinda, anabaki. Akishindwa, wataagana kwa heshima. Edirin akamshukuru. Mlango ulipofungwa akamwambia mumewe kwamba heshima haivaliki, jezi ndiyo inavalika.

Wateja nao wakala njama. Nia yao ilikuwa njema, na ndiyo maana iliumiza. Walianza kumpa herufi rahisi. Siku moja Mama Ebiere, yuleyule asiyependa kushindwa, alikaa kwenye kiti akataja: C, H, I, K, C, E, N. Herufi za kuku, zimepangwa karibu sawasawa, mtu amebadilishia mbili tu nafasi kwa aibu. Edirin akasema chicken. Wanawake wote wakapiga makofi.

"Walipiga makofi," anasema. "Nikawaambia naenda kutafuta kitana. Nikakaa nyuma ya pazia mpaka macho yakakauka."

Ikawa hivyo kila mahali. Nyumbani Ogaga alicheza naye na kujifanya haoni maneno. Kwenye klabu wenzake waliacha nafasi wazi ubaoni ambazo wasingemwachia hata mtoto wao. Akiweka neno la mashaka, hawakulipinga. Akichelewa, walisema chukua muda wako, dada. Edirin anasema walimpenda mpaka akachoka.

Mtu mmoja tu hakubadilika. Huyo alikuwa mama mkwe, na sababu yake ni kwamba hajui skrabo wala hataki kuijua. Alikuja Desemba kutaka kusukwa kwa ajili ya Krismasi, akakaa, akasinzia. Edirin akashika nywele zile za pamba, akaanza mstari wa kwanza, na vidole vyake vikafanya kitu ambacho hakukiagiza. Vilipofika nyuma ya sikio, neno likaja. La zamani, la irabu nne. Akashusha mstari. Lingine likaja.

Hakusema kitu, alihofia yasije yakakimbia. Ila tangu siku ile alianza kuwaita wateja wake wa zamani, mmoja baada ya mwingine, wengine ambao hata hawakuwa na haja ya kusukwa. Aliwasukia bei nafuu, akipita kichwa baada ya kichwa kama mtu anayezungukia majirani kukusanya vyombo alivyoazimisha. Baadhi ya vichwa vilirudisha maneno yote. Vingine vilirudisha machache. Kichwa kimoja kilikuwa kimehamia Port Harcourt, akakifuata.

Lakini mezani hali ilikuwa tofauti. Mbele ya ubao, na saa ikimhesabia, neno lilikuja na shaka ikaja nyuma yake. Lipo kweli, au naliota? Alilitazama mpaka likapoteza sura. Mara nyingi aliliacha na kuweka dogo, la usalama, na mchezo ukamponyoka.

Katika hali hiyo aliingia kwenye majaribio, katika ukumbi wa shule moja ya mjini, akiwa amevaa kitenge cha kijani chenye shada za nyuzi pembeni. Viti sita vilikuwa vinagombewa. Hadi mchana wa siku ya mwisho vitano vilikuwa vimeshapata wenyewe. Cha sita kilibaki kati ya watu wawili waliolingana kwa ushindi, na ratiba ikawakutanisha: Edirin, na Perekeme, fundi wa jenereta, mwanamume mnene wa maneno machache ambaye alikuwa amekitafuta kiti hicho kwa miaka mitatu na hajawahi hata mara moja kumfunga Edirin. Atakayeshinda mchezo ule, kiti ni chake.

Mpaka katikati Perekeme aliongoza. Edirin alikuwa akicheza maneno yake madogo ya woga. Kisha akainua mfuko juu ya usawa wa macho, kama sheria inavyotaka ili mtu asichungulie, akavuta, akapanga. A, E, E, I, O, R, T. Irabu tano. Mchezaji wa kawaida hapo hubadilisha herufi na kumwachia mwenzake zamu.

Alizitazama. Hazikusogeleana. Saa yake ilikuwa imebakiza dakika sita hivi. Mkono wake wa kushoto, chini ya meza, ukashika zile shada za kitenge na kuanza kuzisuka, tatu tatu, bila yeye kujua. Kocha Toju, aliyekuwa amesimama kando, anasema aliuona ule mkono.

"Nikaona nywele nyeupe," Edirin anasimulia. "Nikasikia mama mkwe anakoroma. Nilipofika nyuma ya sikio, likaja."

Etaerio. Ni aina fulani ya tunda, kamusi inasema hivyo, lakini yeye hilo alikuja kuambiwa baadaye. Aliliweka ubaoni, vigae vyote saba, akatangaza alama sitini na kitu pamoja na zile hamsini za nyongeza za kumaliza vigae vyote, akaziandika. Mkono wake haukwenda mfukoni. Alimngojea mwenzake aamue kama atalipinga, maana neno likipingwa na likakutwa halipo, linaondolewa na zamu inapotea.

Na hapo, kwa furaha na hofu, alisahau kitu kimoja ambacho mchezaji wa skrabo hakisahau hata akiwa na homa. Hakubonyeza saa.

Saa ya mchezo ina pande mbili. Ukimaliza zamu unabonyeza, yako inasimama, ya mwenzako inaanza. Usipobonyeza, ni muda wako wewe unaoliwa. Mpinzani halazimiki kukukumbusha. Watazamaji wamekatazwa kabisa kufungua mdomo.

Perekeme alikaa. Mikono kifuani, macho ubaoni, kimya kama maji mtungini. Edirin akamkazia macho usoni. Kwanza alijiambia kwamba jamaa anaogopa kulipinga. Kisha akajiambia hapana, anajua halipo, ananionea huruma tu. Akalitazama neno lake, akaliombea, akaomba radhi kwa kuliweka. Dakika zikapita hivyo. Kocha Toju hakuweza kuvumilia. Akatoka nje kwenda kununua maji, na anakiri hakuwa na kiu.

Ndipo jicho la Edirin likaangukia saa. Ilikuwa yake inayokimbia. Ilibaki chini ya dakika moja.

"Nilitaka kufa," anasema. "Halafu nikaona sina hata muda wa kufa."

Akabonyeza. Mchezo ulikuwa bado na zamu kadhaa kufika mwisho, na atakayepitiliza muda hukatwa alama kumi. Perekeme, ambaye naye si mjinga, akaanza kucheza harakaharaka ili asimpe nafasi ya kufikiri kwenye muda wake. Aliweka, akabonyeza. Edirin akaweka, akabonyeza. Hakukuwa na nafasi ya kujiuliza kama neno lipo au anaota. Lilipokuja tu, alilibwaga ubaoni. Alivuta Q bila U, kigae ambacho hufanya watu wazima wajikune, na kabla hajakiweka vizuri kwenye kibao chake mkono ulikuwa umeshaandika TALAQ. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa hilo. Edirin, Mkristo wa Warri mwenye ndoa yake imara, hajui mpaka leo kwamba alimpa Perekeme talaka.

Vigae vikaisha. Refa akahesabu. Edirin alikuwa amepitiliza kwa sekunde chache, akakatwa kumi zake. Refa akahesabu tena, kwa sababu Perekeme aliomba. Tofauti ilikuwa alama nne.

Nne, na zilikuwa upande wa Edirin.

Hakuruka wala hakupiga kelele. Alimpa mwenzake mkono, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za ukumbi, akavua viatu. Ogaga, aliyekuwa akingoja na Maro mgongoni kwake kama mwanamke, alipoyaona machozi yake alidhani wameshindwa, akaanza kusema mambo ya mwakani.

"Yamerudi," Edirin akamwambia.

"Yapi yamerudi?"

"Maneno, Baba Zino. Yamo humu. Yalikuwa humu muda wote."

Anajaribu kueleza hisia ile na hapati namna. Anasema ni kama kutua gunia ulilolizoea mgongoni kiasi kwamba ulishasahau ni gunia. Alikaa pale muda mrefu, miguu peku, anacheka na kulia, na hakuona haya mbele ya mtu yeyote.

Perekeme alimfuata palepale. Akasimama ngazi mbili chini yake ili wawe sawa kwa kimo, na akaongea maneno mengi kuliko ambayo Edirin alikuwa amewahi kuyasikia kwake.

"Mama Zino, niliiona saa yako tangu mwanzo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Hata ungekuwa mama yangu mzazi ningenyamaza." Akajifuta jasho. "Wote pale klabu wanakubeba kama yai. Ningekukumbusha, ningekuwa nimecheza na mgonjwa. Mimi nilikuja kumfunga Edirin."

Edirin alimtazama, na anasema palepale alitamani kumkumbatia. Kwa miezi yote ile ya ndizi na makofi, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyemtendea kama mtu mzima wa afya aliyestahili kupigwa.

Perekeme akaongeza, akienda zake, kwamba angejua kukosa muda kutamfanya acheze vile, angeibonyeza ile saa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Leo ndiye mchezaji wa akiba wa kwanza wa timu. Binti yake anasukwa kwa Edirin kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na baba mtu hukaa kwenye benchi akitaja herufi mbaya kuliko za mteja yeyote.

Siyo kwamba yote yamerudi. Edirin mwenyewe anasema maneno yenye J bado huchelewa, na kuna kichwa kimoja cha Sapele hajakipata. Presha anaipima kila wiki na dawa anakunywa mbele ya Zino, ambaye hamwamini. Lakini tamasha la taifa ni mwisho wa mwaka, na safari hii hataki kwenda kushangiliwa kwa sababu aliugua. Anataka medali ya shingoni. Baadaye anataka kuweka meza ya pili saluni, ili wasichana wanaojifunza kusuka kwake wajifunze na maneno, mstari kwa mstari, kwa njia ileile.

Saa sita inakaribia. Umeme umekatika, jenereta ya jirani inanguruma, na kichwa cha Mama Ebiere kimebakiza mstari wa mwisho. Mama Ebiere anajiweka sawa kwenye kiti. Herufi za akiba zimefika zamu yake. Anasema amezichagua mwenyewe, moja moja, zote nzuri, hamna hata moja ya taabu.

"T," anataja. "I. S. A. N. E." Anatua kidogo. "Na Y."

Edirin anaanza mstari. Unapita paji la uso. Unapita utosini, unapita sikio. Hasemi kitu. Mstari unashuka kisogoni, na wale wanawake wawili wanaanza kutazamana, ule mtazamo wa zamani, wa makofi. Mama Ebiere pia anauhisi ukimya. Anakohoa, anasema labda alikosea ile ya mwisho, labda angeibadilisha, siyo lazima iwe Y.

Mstari unafika shingoni. Edirin anafunga ncha kwa uzi, anakata kwa meno.

"Usibadilishe," anasema. "Hamna kitu hapo."

"Hamna, au umeshindwa?"

"Hamna. Toa hiyo Y nipe R, nakupa maneno hata kumi. Lakini hizo hazina neno la herufi saba, hata ukeshe nazo mpaka Krismasi." Anamgeuza kichwa kwa mikono miwili, anaikagua kazi yake, anaridhika. "Herufi zako ndizo tupu, Mama Ebiere. Siyo mimi."

Mama Ebiere anajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia. Kisha anafungua mkoba wake na kuagiza soda za watu wote.